Pointi Tatu

Mihayo nilimpima mwenyewe, nyuma ya shule,
kwa saa ya michezo yenye ufa kiooni
na kamba niliyoazima ghala la tumbaku.
Mita thelathini, zihesabiwe mbio zikiwa zimeshakolea,
siyo pale anapoanza.
Kuanza, kila mtu anaanza.

Sekunde tatu na pointi tatu.
Nikamwambia rudia. Akarudia.
Vumbi la Isevya likabaki limesimama nyuma yake
kama mtu aliyesahau alichofuata.

Nafundisha hesabu, basi nikakokotoa:
mita tisa na ushei kwa sekunde.
Nkwabi, beki wa Ng'ambo, nilimkadiria kwa macho: nane.
Mpira ukipigwa nyuma ya mabega yao wote wawili,
zikipita sekunde tatu tu
Mihayo ana mita tatu za peke yake,
na mita tatu mbele ya goli
ni kiwanja chenye hati.

Lakini ngoja.
Katika dakika tisini, mbio zile za mwisho kabisa
anazitoa mara mbili, labda tatu.
Muda uliobaki anatembea, anafunga kamba za viatu,
anagombana na mshika kibendera.
Nikawa najiuliza: zina faida gani
mbio zinazolala kabatini?

Nilijibiwa Jumapili, mechi ya mwisho ya ligi ya wilaya.
Alhamisi yake msuli wa paja ulikuwa umemchanika.
Tulijua watatu: yeye, mimi,
na Mama Kalunde aliyemkanda kwa mafuta ya nyonyo.
Kocha hatukumwambia. Angemweka benchi.

Akaingia. Akasimama pembeni, juu ya chokaa,
mikono kiunoni, kama mwenye nyumba aliyefuata kodi.
Hakukimbia hata hatua kumi.

Na Nkwabi akarudi nyuma.
Msimu uliopita aliumwa;
sasa kila ung'ongo anaouona una meno.
Mpira ukienda kulia, anarudi.
Ukienda kushoto, anarudi,
anawaita na wenzake wawili waje wamsaidie
kumlinda mtu aliyesimama,
mpaka pale katikati pakabaki uwazi
wa kutosha kupanda karanga.

Humo ndimo alimopita Kashindye,
Kashindye mzito, mla harusi zote za Tabora,
ambaye saa yangu huona haya kumpima.
Akautuliza mpira. Akautazama.
Akachagua pembe kama anayechagua nyanya.
Moja bila.

Watu wakambeba Kashindye hadi stesheni, na vuvuzela.
Mihayo nilimkuta amekaa juu ya tofali
anavua soksi kidogo kidogo,
paja limevimba, rangi ya zambarau.
"Mwalimu," akasema, "leo ningepata ngapi?"

Nikaitazama saa. Ilikuwa imelala kwenye sifuri,
sikuibonyeza tangu asubuhi.
"Pointi tatu," nikamjibu.

Akacheka,
halafu msuli ukamkumbusha asicheke.