Mshono wa Ndani

Mrija wa kwanza ulishuka siku ya Jumanne.
Baba alikuwa dukani Kawangware, amepiga goti,
anapima pindo la suruali ya mtu,
pini tatu midomoni.
Alizitema kwanza, moja moja, kwenye kisahani,
ndipo akashika kifua.

Kwenye eksirei tuliuona:
waya uliosukwa kama tenga la kuku, mdogo wa kidole,
umelala chini tumboni, kimya, kama kitu kilichosahauliwa.
Na kule juu, pale ulipoachwa ushikilie njia,
uvimbe ulikuwa umefunga mlango tena.
Hata mate yalirudi.

"Umio hauna ubaya," alisema Daktari Naserian.
"Haujui kazi nyingine. Umeumbwa kushusha.
Tonge utalishusha, uji utaushusha,
na chuma mlichokichangia wiki sita
utakisukuma vivyo hivyo, mchana na usiku,
hata mwenyewe akiwa amelala."

Nikafikiri: basi tunashindana na kumeza kwenyewe.
Tunataka njia ipitishe kila kitu
ila kitu kimoja.

Baba, sauti yake imekonda kuwa uzi, akauliza:
"Mlikipiga mshono?"
"Hapana, mzee. Hujitanua, kikakwama chenyewe."
"Kukwama si kukaa," akasema baba.
"Mfuko usioshonwa
ni kitambaa kilichoegemea kitambaa."
Daktari mwanafunzi akacheka.
Naserian hakucheka. Aliandika kitu kwenye faili.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi isiyonyesha wala kuondoka.
Nilikaa kwenye benchi la korido nimeshika koti la baba,
koti alilojishonea mwaka niliozaliwa,
na vifungo vyake vyote vinne bado viko palepale.
Nilivivuta kimoja kimoja.
Ndani, walikuwa wameuvua mrija wa kwanza kwa koleo ndefu
na kuweka mwingine, mpana mabegani;
kisha sindano iliyopinda kama kucha ya paka
ikateremka kooni ikiongozwa na taa,
ikashika ukingo wa juu, ikashika nyama,
ikashika tena.

"Ukikaza sana, nyama inakatika," Naserian alinieleza,
glavu zake bado mkononi.
"Ukilegeza, kinateleza."
Nilijua. Nimekua chini ya meza ya cherehani.
Nimeyasikia maneno hayo kuhusu hariri.

Baba alipozinduka aliomba kuona picha.
Akaisogeza karibu na dirisha, akaondoa miwani, akairudisha.
Wauguzi wawili walisimama wakingoja, kama wateja.
"Wa pili umelala kushoto kidogo," akasema.
Kimya.
"Lakini utashika."

Sasa kichwa cha kitanda chake kimeinuliwa kwa matofali mawili,
ili kilicho tumboni kisipande.
Ugali hapana. Nyama hapana, labda ya kusaga.
Uji wa wimbi, polepole, ameketi wima
kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.
Miezi mingapi, daktari hakusema,
na sisi hatukuuliza. Tuliuliza kuhusu mayai.

Usiku nalala chumba cha pili, namsikiliza akimeza.
Kuna mlio mdogo, halafu kungoja,
halafu pumzi.
Ombati mwana wa Nyaboke, mshonaji wa sare za shule tatu,
mtu mzima, ninamhesabia mafunda kama mtoto mchanga.

Jana aliomba nimpeleke dukani.
Pini hatii tena mdomoni; amezichomeka kwenye mkono wa sweta yangu,
na akihitaji moja ananyoosha vidole bila kutazama.
Mwenye suruali hajarudi.
Pindo moja limeshonwa.
La pili bado lina alama ya chaki.