Tundu la Ukutani

Plovdiv, ghorofa ya sita, lifti mbovu tangu Machi.
Hakimu alitugawia kila kitu kwa kalamu:
wewe chumba cha mbele, mimi cha nyuma,
jiko kwa zamu, sahani sita kwa sita.
Mtandao hakuugawa. Hakujua kama upo.

Laini moja ya simu, modemu moja,
bili moja yenye jina lako.
Jumamosi ukaja na keekee uliyoiazima kazini,
ukapiga hodi,
wewe, uliyeingia humu miaka kumi na tisa bila hodi,
ukasema, “Sogeza kabati.”

Ukuta ukatema vumbi jeupe juu ya kitanda changu.
Ukapenyeza waya wa kijivu
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano,
nami upande wa pili nikaupokea.
Vidole havikugusana. Nilihakikisha.

“Sharti ni moja, Stoyanka,” ukasema tunduni.
“Yangu ikilala, yako haioni kitu.”
Maana kompyuta yako ndiyo iliyoshika modemu;
yangu hunywa kinachobaki.
Nikaguna. Talaka nimepewa, muhuri umepigwa,
na bado sharti nipite kwako
ndipo nifike duniani.

Ukipakua filamu zako za vita
barua yangu kwa dada, kule Bilbao, inakwama njiani.
Nagonga ukuta mara mbili.
Unagonga mara moja: subiri.
Nagonga mara tatu: sisubiri.
Kuna wiki ambazo hatukusemezana zaidi ya hapo.

Januari, dada akalazwa. Moyo.
Mpwa wangu akaahidi kuniandikia akitoka tu chumba cha upasuaji.
Sikukuambia. Nikuambie kama nani?
Nililia na mto mdomoni,
lakini kuta za nyumba hizi,
unazijua, ulizipaka rangi mwenyewe.

Kila usiku, saa sita, husikia swichi yako,
kisha chaga za kitanda chako.
Usiku ule nilisikia chaga tu.
Feni ya kompyuta ikavuma mle ndani, ikavuma,
na kwenye tundu, kando ya waya,
uzi wa mwanga wa bluu ukaja kulala kwenye zulia langu.

Saa kumi kasorobo:
Ameamka. Anadai chai, anagombana na muuguzi.

Asubuhi, zamu yangu ya jiko,
nikaweka leva mbili juu ya jokofu,
umeme wa usiku kucha. Sipendi deni.
Jioni zilikuwa pale pale.
Kesho yake, pale pale.
Sasa ni Aprili. Lifti haijatengenezwa.
Wewe huzichukui, mimi sizichukui;
nikipangusa jokofu, kitambaa
nakizungushia kandokando yake.