Si Saa

Semboja alikileta Jumatatu ndani ya mfuko wa sukari.
"Saa ya marehemu baba. Ifufue, nijue nauza ngapi."

Mimi ni fundi saa, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Meza hii ya baba, lenzi hii ya baba.
Saa naijua hata ikiwa maiti.
Hii si saa.

Uso mweusi, upana wa kisahani cha kahawa.
Mshale mmoja, umesimama wima. Namba hakuna.
Chini yake bomba la kioo limepinda kama tabasamu,
ndani mafuta yenye rangi ya chai kavu
na gololi moja nyeusi.
Nyuma, tundu mbili: moja ina chujio, ya pili ina hesi.
Kibati kimesuguliwa; nimeambulia herufi tatu na nusu.

Mtaani kila mtu ana jibu.
Mwanaidi, mwenye mihogo: "Kipimo cha presha. Nilikiona Bombo."
Shekolowa wa vyuma chakavu hakutaka kujua,
alikipima kwa kiganja: "Elfu nne."
Mwalimu Kihiyo: "Pimamaji la mwashi."
Nusura nikubali.
Lakini pimamaji lina povu, na povu hupanda;
hapa gololi inashuka.

Alama zake zimepakwa rangi iliyogeuka ukoga wa meno.
Hiyo naijua. Baba alinikataza kuikwangua.
Zamani iliwaka usiku, sasa imechoka.
Kumbe mtu alitakiwa kukisoma gizani.

Jioni nikakitia kwenye kikapu cha baiskeli, wima, nikakikaza kwa kanga.
Mezani nikikiinamisha kidogo tu, gololi inakimbia.
Kwenye kona ya Barabara ya Ishirini
baiskeli imelala, nami nimelala nayo,
gololi imetulia katikati
kama mtoto aliyeshiba mgongoni.
Nikarudi nyuma, nikakata kona ileile mara tano.
Watu walidhani nimeangusha pesa.

Kesho yake nikapanda bajaji, nikakipakata.
Bajaji hailali kwenye kona.
Gololi ikatupwa pembeni, nami nikatupwa upande uleule,
bega kwa bega na mama mwenye ndoo ya dagaa.

Ikabaki siri ya mshale.
Chambo, fundi baiskeli, akaigeuza ngozi ya pampu,
ikawa inanyonya badala ya kupuliza.
Tukafunga mpira kwenye tundu lenye hesi. Akavuta mara arobaini, jasho likimtoka,
mara ndani kitu kikaanza kuvuma,
nyigu wa chuma, aliyelala miaka sijui mingapi.
Nikazunguka na kigoda kushoto: mshale ukalala kushoto.
Nikasimama: nao ukasimama.
Chambo akasema, "Astaghfirullah," akaendelea kuvuta.

Sasa nani huyo asiyejua kama anakata kona?
Dereva ana barabara. Nahodha ana maji mbele yake.
Ni aliye ndani ya wingu, usiku,
chini hakuoni, juu hakuoni,
masikio yanamwapia kwamba amenyooka
na huku anazunguka, anashuka.
Mwili wake shahidi wa uongo.
Kidude hiki ndicho kilichokula kiapo cha kweli.

"Ni cha ndege," nikamwambia Semboja.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Baba alikuwa mtunza stoo ya katani, Pongwe. Hakupanda hata ngazi ndefu."
"Basi aliokota, au alipewa, au aliling'oa mwenyewe."
"Kutoka kwenye ndege ipi?"
Nikamwonyesha zile herufi tatu na nusu.
"Na rubani?"

Chombo hiki kinajua kona, si mwisho wa safari.
Hilo sikulisema. Nilimdai elfu tatu, akalipa mbili.

Kwenye daftari, safu ya aina ya saa,
nimeandika: *kipima-kona, cha ndege, kizima.*
Safu ya mwenyewe niliandika Semboja,
nikafuta, nikaandika tena.

Alikifunga kwenye baiskeli yake, uso juu.
Nikamwita: "Kisimamishe wima!"
Hakusikia. Alikuwa ameshafika kwenye kona.