Kunokofu

Wewe unayepiga pasi na pasi isilie,
unayepiga simu, ukapiga mswaki, ukapiga hodi,
na asipatikane majeruhi,
hutanishangaa nikikwambia
kwamba mjini Burslem, kwenye tanuri za vyungu,
neno moja la Kiingereza lilitulea sote:
kunokofu.
Gonga kitu, kiondoke. Ndivyo kamusi inavyosema.
Nyumbani kwetu hakuna aliyeitumia maana hiyo.

Baba, Wilf Colclough, mchovya vikombe,
alinokofu saa kumi na nusu.
King'ora kililia, na lango la kiwanda likatapika wanaume
weupe kwa vumbi la udongo, hata kope.
Nikiwa na miaka sita nilimngoja kizingitini
nikamkagua vidole: leo amegonga nini?
Mbona hana alama?
"Kazi," akasema, akivua buti.
"Nimeigonga, imeondoka.
Kesho itarudi. Haina haya ile."

Mjomba Desmond naye alinokofu, ila usiku.
Seti ya chai, vipande ishirini na kimoja, ukingo wa dhahabu,
ilinokofiwa stoo
ikafungwa kwenye magazeti ya mbio za farasi.
Mama aliikataa mlangoni,
kisha akaipokea,
kisha akaisukuma chini ya kitanda changu.
Miaka miwili nililala juu ya wizi
uliogongana meno kila nilipogeuka.

Jumamosi, sokoni, Hilda Machin aliuza nokofu:
mhuri wa chini umekosewa herufi moja,
waridi lina petali nne, la tano limesahauliwa.
"Basi nakunokofu pauni moja, kwa ajili ya ufa."
Kwa hiyo nokofu ikanokofiwa bei,
na mnunuzi, mke wa polisi, akaenda zake
akijiona mjanja kuliko soko zima.

Na Reg Tams wa duka la mikate?
Hapo watu wazima walishusha sauti:
anamnokofu mke wa Cartlidge.
Niliwaza nyundo. Niliwaza misumari.
Nilimwonea yule mama huruma wiki nzima,
mpaka nilipomwona kwenye foleni ya mkate,
mashavu mekundu, anajiimbia.

Kisha vikaja vikombe vya bei ya kutupa
kwa makontena, kutoka mbali,
vyenye waridi letu, petali zote tano.
Tanuri la mwisho likapoa siku ya Jumanne.
Kilabuni Enoch Salt akapiga meza: "Wametunokofu!"
Sikujua ni ipi:
wametuiga, wametuibia, au wametuua?
Nikamuuliza Baba.
Akatazama povu la bia yake likizama.
"Zote," akasema.

Alikufa mwezi wa tatu, saa nane na dakika kumi mchana.
Jirani alivua kofia: "Wilf amenokofu mapema leo,"
na huo ndio wasifu pekee niliotamani kuuandika kaburini.
Mchungaji hakukubali. Alisema haufai.
Hotuba yake mwenyewe, ilisikika wazi,
aliinokofu dakika tano kabla ya kuingia kanisani:
mara mbili alimwita baba yangu Wilbur.

Baada ya mazishi Mama akaitoa ile seti.
Mara ya kwanza. Hakuna polisi aliyebaki wa kuitafuta.
Binamu zangu wakaanza kugombania birika
kabla chai haijakolea.
"Nokofuni!" Mama akafoka, na wakanokofu,
watu wa miaka hamsini, mikono magotini.
Katika kimya kile Mjomba Desmond,
mzee sasa, mikono inatetemeka,
akanyoosha mkono achukue biskuti.
Kiwiko chake kikaligonga bakuli la sukari.
Likaondoka mezani.

Tulilitazama pale sakafuni,
ukingo wa dhahabu huku, sukari kule,
na lile neno, baada ya miaka yote ile ya vibarua,
hatimaye limefanya kazi liliyoajiriwa.

"Ishirini," Mama akahesabu,
akaenda kutafuta ufagio.