Nyuzi

Februari, Rzeszów. Bogna wa mwaka wa tatu
amefumua soksi ya bibi yake, ile isiyo na mwenzake,
akakata nyuzi sitini na nne, urefu wa pingili ya kidole,
akazibandika mgongoni mwa bawa la mbao.

Feni inanguruma. Upepo huu ni wake kwa saa mbili,
kisha zamu ya wakubwa.

Bawa linainua pua nyuzi nne:
nyuzi za sufu zimelala, manyoya ya paka aliyeshiba.
Nyuzi tisa: zimelala.
Kumi na moja: mmoja, wa pembeni, unatikisa kichwa,
na mara zote zinasimama, zinazozana,
bawa halibebi tena.

Mapema mno. Hesabu ilisema kumi na nne.

Anazima. Anapapasa bawa polepole, macho kafumba:
tuta la gundi, unene wa ukucha,
na juu yake chapa ya gumba lake mwenyewe.

Wiki tatu, kumbe gumba.

"Andika hivyo hivyo," asema Daktari Wieczorek
akipuliza chai.

Anaandika. Anatafuta msasa.
Ya soksi, kisigino bado kipo.