Nafasi Kando ya Chumvi

Milimani, ghorofa ya tatu. Lifti imekwama tena.
Nimepanda ngazi nikihesabu, kama nilivyozoea
kuhesabu hatua zake koridoni, Donholm, saa nne usiku.

Leo Onsongo ndiye mlalamishi. Mimi sina cheo humu:
si mshtaki, si shahidi. Karani kaniuliza,
"Mama, wewe ni nani katika kesi hii?"
Nikasema, mkono. Akadhani sikumsikia.

Wakili wake ana sauti ya mtu aliyeshiba.
Mteja wangu, asema, alihukumiwa kwa kosa la ngumi.
Alilipa faini, akamaliza kifungo cha nje
akifagia uwanja wa chifu miezi sita bila kukosa.
Bodi ikampokonya leseni. Kwa kosa lipi la silaha?
Hesabu risasi, mheshimiwa: alipewa kumi na tano,
karudisha kumi na tano. Bastola hii haijawahi kulia.

Ni kweli. Haikulia.
Ilikaa mezani, mdomo ukinitazama,
kati ya bakuli la sukuma na kopo la chumvi,
naye akala taratibu, akaomba maji.
Mtoto akajifunza kupitisha sahani kwa kuizunguka
kama mtu anavyompita mbwa aliyelala.
Nani atahesabu maneno niliyoyameza?
Hayo hayakurudi kumi na tano.

Mali ni haki, asema wakili. Ana duka la vyuma Kariobangi,
wezi wanamjua. Jaji anaandika.
Wa serikali asimama, miwani mkononi,
asema mkono uliovunja mfupa
ndio huo huo utakaoshika kitako.
Sentensi moja tu, akaketi.
Nataka kumpigia makofi; nakalia viganja vyangu.
Mfupa wa kushoto bado hunijulisha mvua.

Uamuzi ni tarehe kumi na tisa, mwezi ujao.
Onsongo anikuta ngazini, mbele za watu.
"Kemunto, hujambo?" Kwa upole kabisa.
Tai aliyovaa nilimnunulia mimi.

Jioni, Umoja. Chumba kipya, ufunguo wangu.
Mtoto aleta ugali, aleta vijiko,
aisukuma chumvi pembeni kidogo,
na pale katikati aacha
nafasi ya kitu ambacho hakipo.

Bado sijamwambia nilikokuwa leo.