Daftari la Mashimo

Nilipewa daftari kwa sababu mwandiko wangu unasomeka
na kwa sababu nina tepu.
Mimi Mbambu, fundi cherehani wa njia panda ya Kabuyiri;
mikono yangu inavijua viuno vya kata nzima.
Mhandisi wa Kasese aliandika: leteni vipimo.
Nikashuka barabarani na tepu shingoni,
nikapiga magoti topeni kama anayepima pindo.

Shimo la kanisani: urefu, futi tisa.
Kina, mpaka goti la mwanangu Thembo.
Shimo la ghala la kahawa: upana wa kitanda cha wanandoa.
Shimo la tatu, chini ya zahanati:
tepu ikaisha, shimo likabaki.
Nikaandika, "inaendelea."

Wilaya ilijibu kwa karatasi yenye mihuri miwili.
Greda lipo. Dizeli hakuna.
Dizeli ilipopatikana, dereva alikuwa mafunzoni.
Dereva aliporudi, greda lilikuwa juu ya matofali,
gurudumu limeazimwa na lori la takataka,
na fedha za robo ya tatu
zilikuwa zinakuja katika robo ya nne,
ambayo, kwa hesabu yao, ilikwisha Juni.

Tukaanza wenyewe.
Masereka, elfu tano.
Ithungu mjane, elfu moja na mayai sita.
Mayai niliyaandika. Mayai nayo ni barabara.
Bwambale wa bodaboda, elfu kumi, kwa hasira,
maana wiki ile shokapu zilikuwa zimemla elfu themanini.
Padri akatoa mahubiri.
Diwani akatoa ahadi; nayo niliiandika,
kwa penseli.

Haba na haba hujaza kibaba, kweli.
Kibaba kilijaa: laki nne na elfu kumi na mbili.
Ila changarawe haipimwi kwa kibaba.
Lori moja, laki mbili,
na shimo moja humeza malori mawili bila kucheua.

Basi, shimo lipi?

Wa kahawa wakasema: gunia likifika kavu
litalipa mashimo mengine yote.
Wa kanisa wakasema: Askofu anakuja Agosti,
mnataka avuke kwa kubebwa mgongoni?
Kelele zikapanda hadi mbuzi wakahama uwanjani.

Ndipo Kabugho akasimama.
Jina lake halikuwa daftarini, hakuwa na cha kutoa.
Mwezi wa nne alipanda mlima huu juu ya machela,
wanaume sita, mvua, uchungu umemkaza,
na pale chini ya zahanati wawili waliteleza.
Hakuyasema hayo. Nani asiyeyajua?
Alisema tu,
"Mbambu, hebu soma tena kipimo cha tatu."

Nikasoma:
"inaendelea."

Hakuna aliyeomba kura.

Malori mawili. Majembe thelathini na moja.
Thembo na wenzake wakakanyaga kama wanaocheza,
na ile elfu kumi na mbili ikawa mkate na soda,
chupa moja kwa vinywa vinne.
Kabugho alibeba mawe. Tulimwambia apumzike.
Alibeba mawe.

Alhamisi usiku mvua ikashuka kutoka Rwenzori
kama mkaguzi wa hesabu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya cherehani,
nilishuka na tepu.
Changarawe imezama inchi nne.
Wahenga walionya kuhusu asiyeziba ufa;
hawakusema lolote juu ya aliyeziba,
kisha mvua ikarudi kudai chenji.

Inchi nne.
Nilikaa pale nikiitazama namba ile.
Inchi nne, tepu yangu inazitosha.

Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe.
Kabla wino haujakauka, nyuma yangu, kikohozi:
Ithungu, kanga imefungwa fundo mkononi.
"Kuku ametaga," akasema. "Andika.
Sita tena."